Matango Yaliyokunywa Vodka

Jumatatu, 4 Machi

Kijiko kapigiwa makofi leo baani. Kijiko! Kijana niliyemfundisha mimi kuzibua chupa bila kujikata. Siku hizi anavaa kizibao chekundu, anakoroga vinywaji kwa kijiko chake kirefu huku kidole kidogo kimesimama juu, na wateja wanashangilia. Meneja kasimama kando, meno yote nje. Mimi Meneja hunitabasamia mara moja kwa mwaka, na hapo nikigeuka nakuta anamtabasamia aliye nyuma yangu.

Msimamizi wa kaunta anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi moja, watu wawili. Mmoja anaijua kaunta ile tangu ilipokuwa ya mbao. Mwingine ana kizibao.

Nyumbani ndiyo balaa zaidi. Mke wangu kapandishwa cheo! Muuguzi mkuu, hospitali mpya, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Anatakiwa kujibu Jumatatu ijayo. Aliniambia huku anachambua mchele, hakuinua uso. Nikampongeza. Nilijikaza kisabuni, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Kisha nikatoka uani, nikapiga ndoo teke. Ndoo ilikuwa imejaa. Kidole gumba kimevimba.

Sitaki aende. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Lakini nitamwambiaje abaki? Yeye mkuu, mimi mfuta glasi! Dawa ni moja tu: nami niwe mkuu kabla ya Jumatatu. Hakuna mwanamke anayemwacha msimamizi wa kaunta.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Mteja wa meza ya dirishani kamaliza matango ya siki kwenye kisahani. Kisha akachukua maji ya achari yaliyobaki, akayamwaga ndani ya vodka yake, akanywa, akafumba macho. Akaagiza tena. Kijiko hakuona, alikuwa anajitazama kwenye kioo. Mimi nimeona.

Kokteli ya achari! Nitaloweka matango kwa siki na vodka, nichuje maji yake, nimpe Meneja. Nikitoka kazini nimepitia sokoni. Matango madogo, siki, vitunguu saumu, mbegu za haradali, pilipili. Muuza mboga kaniuliza kama nina shughuli. Nikamjibu kuwa ni siri ya kazi. Akasema siri yenyewe inanuka vitunguu saumu.

Chupa za kioo ndizo zilizonisumbua. Nyumbani zipo, ila mke wangu anahifadhia unga, dengu na sukari. Nikavimwaga vyote kwenye beseni moja kwa muda. Akarudi akalikuta beseni. Hakufoka. Aliangalia dengu, akaangalia unga, akaniuliza kama nimefikiria lile jambo la uhamisho. Nikamwambia angoje Jumamosi ataona mambo. Akasema hakuuliza kuhusu Jumamosi. Basi sijui aliuliza nini.

Alhamisi, 7 Machi

Chupa za kwanza zimeharibika. Nilimimina vodka kwenye siki ikiwa bado inachemka. Vodka yote ikapanda juu na mvuke! Dari imelewa, mimi nimebaki na supu. Jirani wa upande wa pili wa ukuta akakohoa kwa makusudi, akafunga dirisha kwa kishindo ili nisikie.

Nikaanza upya. Safari hii siki nimeiacha ipoe kabisa, ndipo vodka ikafuata. Nimejaza mpaka shingoni. Zimependeza, lazima niseme.

Mke wangu kaja jikoni wakati naosha sufuria. Kasema karibu na ile hospitali ipo hoteli kubwa, wanatafuta mtu wa kaunta mwenye uzoefu, na yeye tayari kaniulizia. Kaniulizia! Kama mgonjwa anayetafutiwa kitanda! Nikamwambia mimi si mzigo wa kupakiwa na magodoro. Akaichukua sufuria mkononi mwangu, akaimalizia kuosha yeye. Nikajiona nimeshinda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwalika Meneja kwangu kesho mchana, aje aonje kitu ambacho hakijawahi kuonjwa. Akauliza kama kutakuwa na chakula. Nikasema kipo. Kijiko, ambaye masikio yake yako kila mahali, akadakia kwamba naye atakuja, apate kujifunza kwa mzee. Mzee! Tumepishana miaka michache tu na nywele kiasi. Mbele ya Meneja ningekataaje? Nikasema karibu sana. Ulimi wangu huu utaniua.

Kurudi nyumbani, mama mkwe huyo sebuleni na begi lake. Kaja kumsaidia binti yake kuamua. Mama mkwe hajaonja kileo tangu azaliwe. Hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza. Kaziona chupa zangu zimepangwa dirishani, akasifu kwamba angalau nimejifunza kutengeneza achari. Hilo neno angalau limenichoma.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Wamefika mchana. Meneja kwenye kochi zuri, Kijiko kwenye stuli, na kizibao chake hata siku ya mapumziko. Mama mkwe kwenye kiti cha pembeni, anafuma kitambaa. Nikachuja maji ya achari, nikayatia kwenye glasi zenye barafu, nikapaka chumvi ukingoni. Kazi ya mikono safi! Matango yenyewe sikuwa na haja nayo. Kuyatupa ni hasara, nikayapanga kwenye sahani nikamwekea mama mkwe, awe na cha kutafuna tusikilizane.

Meneja akanywa. Akauliza kwa upole kama haya ni maji ya kusukutua kabla ya kinywaji kuletwa. Nikacheka peke yangu. Nikamwongezea. Akasema anasikia siki, anasikia vitunguu saumu, ila vodka haisikii. Iko wapi vodka? Mimi mwenyewe nikaonja mbele yake. Maji! Chupa nzima nimetia kwa mkono wangu, halafu maji!

Mama mkwe wakati huo kamaliza sahani. Akasema hajala achari tamu kama hii maisha yake yote, akaomba nyingine. Nikampa. Roho yangu ilikuwa imekata tamaa, nikasema heri mtu mmoja afurahi. Kijiko alikuwa anaangalia sahani, anamwangalia mama mkwe, anaangalia sahani.

Mara mama mkwe kacheka. Hapakuwa na cha kuchekesha. Kisha akafungua kitambaa chake cha kichwani, akaanza kumpepea nacho Meneja, akimwita kijana wangu na kumuuliza kwa nini anakonda. Kisha akasimama. Akasimama vizuri, akashika kochi, akasimama tena. Akaninyooshea sindano ya kufumia.

Kasema mimi ni mjinga. Kasema binti yake hana shida na cheo changu wala hajawahi kuwa nayo. Wiki nzima anangoja neno moja kutoka kwangu, mawili yapo, nichague nitakalo: baki, au twende wote. Nikisema baki, atabaki. Nikisema twende, atafurahi. Lolote kati ya hayo analitaka, mradi litoke kinywani mwangu. Akasema hivyo mbele ya Meneja! Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chakula. Hakumkanusha mama yake. Alikuwa ananitazama mimi.

Ningesema. Naapa neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini jicho la pembeni likamwona Kijiko anafunga tango kwenye leso na kulitia mfukoni. Tango langu! Nikamrukia. Stuli ikaanguka, glasi zikaanguka, Meneja akalowa magotini. Leso tulivutana mpaka ikachanika. Tango alibaki nalo yeye.

Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Sinia lilikuwa limewekwa chini, taratibu, bila hata kumwaga mchuzi.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe kaamka jua likiwa utosini. Anadai ana homa. Kaomba maji, kaomba pazia lifungwe, kaomba tusiongee kwa sauti. Mke wangu ni muuguzi, haikumchukua muda kuijua homa yenyewe. Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia, na hilo ndilo linalonitisha.

Aliniuliza jambo moja tu: kama nilisikia aliyoyasema mama yake. Nikamwambia maneno ya mlevi hayahesabiwi. Akasema ni kweli mama alikuwa amelewa, lakini mimi sikuwa nimelewa.

Nimeyawaza maneno hayo mchana kutwa, nimekaa jikoni natazama chupa. Na mwishowe nimeelewa! Mama mkwe hakunywa hata tone. Alikula! Matango ndiyo yaliyokunywa vodka, yakatuachia sisi maji! Nimetafuna moja kuhakikisha. Moto mpaka masikioni! Nilikuwa namnywesha Meneja makombo, na kinywaji chenyewe kiko kwenye sahani ya mama mkwe. Nilikimbia kumweleza mke wangu. Alikuwa anakunja nguo. Akasema amefurahi kwamba nimeelewa kitu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika kazini mapema, chupa kwapani. Nimechelewa.

Kwenye kaunta kuna sinia. Kwenye sinia, matango, kila moja na kijiti chake. Kijiko kayaloweka tangu juzi Jumamosi, ile ile jioni aliyotoka kwangu na leso iliyochanika. Anayauza pamoja na glasi ndogo ya maji ya achari ya kushushia. Watu wamejazana. Meneja kala mawili, kasema hii sasa ndiyo akili. Kabla ya mchana katangaza: msimamizi mpya wa kaunta ni Kijiko. Watu wakapiga makofi. Nikashtuka kuona nami napiga.

Nilichukia! Nilimchukia yeye, nikamchukia Meneja, nikalichukia lile tango moja. Nimerudi nyumbani nimefura. Mke wangu akaniambia asubuhi ameijibu hospitali. Amekubali. Nikamwambia angoje kwanza nimweleze alichonifanyia Kijiko. Nikamweleza chote, tangu kizibao mpaka kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, chakula chetu sote wawili kimepoa. Kisha akatoa vyombo.

Jumamosi, 16 Machi

Gari la mizigo limekuja asubuhi. Nimebeba sanduku lake, nimebeba godoro, nimebeba meza ndogo ya kioo na sikuivunja. Hakuna aliyenisifu. Mama mkwe kakaa mbele karibu na dereva, kanishika mkono kwa muda, kisha akatazama upande wa pili.

Mke wangu hakupanda. Dereva kawasha injini, yeye kasimama tu kando ya mlango, anaufungua na kuufunga. Akaniuliza kama kuna jambo ninalotaka kumwambia kabla hajaenda. Lilikuwepo. Lilinikaa rohoni tangu alfajiri. Nikamuuliza chujio dogo la chai kaliweka wapi.

Akasema lipo kwenye droo ya juu, upande wa kulia. Akapanda.

Naandika wazi, roho inaniuma sana. Nimesimama barabarani mpaka mwenye duka kaniuliza kama nimeangusha kitu. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nikivuta kiti, kinapiga kelele za viti vitatu.

Lakini sijalala! Kijiko anajua matango tu. Hajui vitunguu. Vitunguu vidogo vyekundu, siki, vodka, na kidogo cha asali! Hivyo vitatia fora. Jina langu litavuma, habari zitafika mpaka kule aliko, naye atarudi mwenyewe bila mimi kusema lolote. Nimeshamenya kilo nzima. Machozi yamenitoka sana, na mengine ni ya vitunguu.

Kanipigia jioni. Kafika salama. Kauliza kama nimeliona chujio. Nikasema nimeliona, lilikuwa palepale. Kisha akanyamaza kwenye simu, hakuaga. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Nikaona salio lake linaisha bure, nikamwambia usiku mwema, nikarudi kwenye vitunguu.