Hedifoni Sita za Bi Thiele

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeanza kuandika tena. Daftari ni lile la kumbukumbu za kunyonyesha. Kurasa za nyuma ziko tupu kwa sababu mwezi wa pili niliacha kuhesabu.

Habari kubwa! Bi Thiele, mwenye duka la hedifoni nyuma ya stesheni, anatafuta mtu. Asubuhi tatu kwa wiki. Kazi yenyewe: kusikiliza hedifoni zilizotumika ambazo watu wanamletea, halafu kuandika kwa maneno ya kawaida zinasikikaje na zinaumwa nini. Kusikiliza! Nimekaa kwenye kiti! Mlango umefungwa!

Naihitaji kazi hii kuliko anavyodhani. Mkuu wa kituo cha watoto amenieleza tena, polepole, kama mtu anayemweleza mlevi: nafasi ya Jonte ipo, ila ni ya wazazi ambao wote wawili wana kazi. Nilete barua ya mwajiri kabla ya mwisho wa mwezi. Jonte ana miezi kumi na moja na tangu azaliwe hatujaachana hata nusu saa. Nampenda mno. Ningependa siku moja nipate nafasi ya kumkumbuka.

Waombaji tuko wawili. Mwingine ni Bwana Ehlers. Lazima awe yeye! Mwalimu mstaafu wa fizikia, mwenyekiti wa chama chetu cha wasikilizaji, ana hedifoni thelathini na moja, kila moja imevalishwa kichwa cha mbao alichochonga mwenyewe. Mimi ninazo nne, zinaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na aproni. Kwenye mkutano wa jana, mbele ya watu wote, alisema masikio ya mama anayenyonyesha yamejaa kilio na hayana tena nafasi ya muziki. Akamalizia, "Kalale, bibie." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Sijamsamehe.

Jumamosi Bi Thiele atatufunga macho na kutuvalisha hedifoni sita za dukani tunazozijua sote, moja moja, wimbo uleule. Atakayezitambua nyingi anachukua kazi.

Jumanne, 4 Novemba

Mazoezi. Mume wangu Henning alirudi kutoka kwenye tanuri la mikate saa nne asubuhi, ananuka hamira, anataka kitanda. Nikamnyima. Nilijifunga macho kwa nepi ya kitambaa (safi) na yeye akawa ananivalisha zile nne moja baada ya nyingine. Nimepata nne kati ya nne! Tukarudia. Nne kati ya nne! Nikamwambia aiwekee alama siku hii kwenye kalenda.

Akaniuliza kama sasa awashe muziki.

Hakuwa amewasha kitu. Nilizitambua kwa uzito na kwa harufu. Nyekundu zinanuka maziwa.

Akawasha, akawa anazishikilia kwa mkono zisinilemee, kama anavyofanya Bi Thiele. Nikapata mbili. Mara ya pili, tatu. Mara ya tatu, zote! Kwa hiyo bado nasikia. Za kijivu ni kama jirani wa juu anahamisha kabati: besi tupu, na mwimbaji kabanwa ukutani. Nyeupe zinakuambia kila kitu hadi mate ya mwimbaji, kama daktari wa meno asiyejua kunyamaza. Nyekundu hazina kosa wala hazina furaha. Na zile kubwa za wazi, nilizozinunua kabla ya mimba! Wapigaji wamekaa mbalimbali, kila mtu na kiti chake, na unasikia hata ukumbi ulivyo na baridi. Nilisikiliza dakika tatu nzima. Nikataka kulia. Jonte akanitangulia.

Henning alisema, bila kuulizwa, kwamba ninachohitaji ni masikio yangu tu na usingizi kidogo. Mtu mwema. Hajui vita.

Alhamisi, 6 Novemba

Hila ya kwanza. Kila mwanachama anajua kwamba masikio huchoka kama miguu. Basi nimchoshe Bwana Ehlers! Nilimpigia simu saa mbili asubuhi nikamwomba, kwa sauti ya mwanafunzi, anieleze kidogo kuhusu nyaya. Nilipanga nimweke kwenye simu hadi masikio yake yawe kama makaratasi.

Alieleza. Akaeleza nyaya za shaba. Akaeleza za fedha. Akaeleza kwa nini za fedha ni upuuzi, halafu kwa nini yeye anazo tatu. Jonte alikula robo ya kisanduku cha mkate na kona moja ya gazeti. Saa nne na nusu Bwana Ehlers akanishukuru kwa moyo wote, akasema tangu mkewe afariki hakuna anayemuuliza chochote kuhusu nyaya.

Sasa sikio langu la kushoto linalia nzii. Na nimeanza kumwonea huruma, jambo ambalo sikulipanga kabisa.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata! Nimepata nikiwa naosha chupa!

Kwenye sita za Bi Thiele, tatu ni za wazi na tatu ni za kufunga. Za kufunga zina ganda gumu nyuma, ukivaa dunia inazimika. Za wazi zina wavu nyuma: muziki unatoka na dunia inaingia. Jana nilikuwa nimevaa zile zangu kubwa, na nilimsikia Jonte kutoka chumbani, silabi kwa silabi. Nikavaa za kijivu. Sikusikia kitu, hadi nilipomwona mlangoni amejishika kichwa.

Kwa hiyo Henning na Jonte wanakuja kesho. Watakaa kwenye kiti cha wateja, nje ya pazia la chumba cha kusikilizia. Jonte hanyamazi. Hajanyamaza tangu Desemba iliyopita. Nikimsikia, ni za wazi. Nisipomsikia, ni za kufunga. Baada ya hapo kila moja ni kubahatisha kati ya tatu tu, na hapo hata nikiwa nimechoka siwezi kushindwa.

Henning aliuliza kama huo si wizi. Nikamwambia mtoto ana haki ya kuwa dukani kama raia mwingine yeyote. Aliuliza tena, akaacha alipoona uso wangu.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika bafuni.

Tulifika kabla ya Bwana Ehlers. Mvua. Jonte alilia kuanzia kituo cha basi hadi mlangoni, kilio kizuri, kipana, cha mtu mwenye afya. Nikambusu kwa shukrani. Bi Thiele, mama wa miaka sitini mwenye mawani shingoni, alisema kwa upole kwamba mtoto hana neno. Bwana Ehlers alikuja amevaa tai. Alimwambia Jonte, "Na wewe, kijana, umekuja kumsaidia mama kusikia?" Nikajishughulisha na kofia ya Jonte.

Tukaketi. Kitambaa machoni. Kinanda na selo, ile fidla kubwa. Baada ya kila hedifoni, Bi Thiele anaificha nyuma ya pazia, unafungua macho, unaandika kwenye kadi.

Ya kwanza: viti mbalimbali, ukumbi wenye baridi. Mkono wangu ukaandika za wazi, zile za kahawia, kabla sijafikiri. Halafu nikafikiri. Mbona sikumsikia Jonte? Nikafuta. Nikaandika za kufunga.

Ya pili: za kufunga, nyeusi. Kimya. Sawasawa.

Ya tatu: nikasikia hata ukucha wa mpiga selo. Nikaandika za wazi, za fedha. Lakini Jonte wapi? Hakuna Jonte! Nikafuta. Nikaandika za kufunga.

Bi Thiele akachukua kadi ya kwanza, akasema tupumzike, tunywe kahawa. Nikatoka nje ya pazia.

Upande ule una zulia hadi ukutani. Joto. Mwanga mdogo. Jonte alikuwa amelala. Kifudifudi juu ya kifua cha Henning, mdomo wazi, mate kwenye kola. Henning aling'aa kama mtu aliyeshinda kombe. Akanong'ona kwamba alilala tu pazia lilipofungwa. Mwenyewe! Bila kubembelezwa!

Miezi kumi na moja! Miezi kumi na moja nimemwimbia, nimemtembeza, nimemsukuma kwenye kigari hadi kingo za mto na kurudi. Anachagua leo.

Henning akanisoma usoni. Akauliza kwa sauti ndogo kama amwamshe. Nikamwangalia Jonte. Alikuwa na ile mikunjo miwili ya shingo. Nikamwambia Henning akimgusa nitamwacha hapohapo dukani auzwe kama kitu kilichotumika.

Nikarudi ndani. Kadi ya kwanza imeshaondoka na za kufunga tatu. Zote tatu. Kwa hiyo tatu zilizobaki ni lazima ziwe za wazi, ama sivyo nitaonekana mjinga. Ya nne niliisikia besi yake imejaa kama sufuria ya mchuzi, nikaandika za kufunga, za bluu. Nikafuta. Nikaandika za wazi. Ya tano ilikuwa ya wazi kweli, asante Mungu. Ya sita niliandika, nikafuta, nikaandika.

Nilionekana mjinga.

Bwana Ehlers: nne. Mimi: mbili. Alinipa mkono. Hakunidhihaki. Alisema masikio yatarudi, bibie, mtoto akikua. Afadhali angenidhihaki.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua. Nje watu wawili na mbwa. Jonte aliamka mara tano usiku. Kumbe sauti anayo.

Bi Thiele amepiga simu, siku ya Jumapili, akaomba radhi kwa kupiga siku ya Jumapili. Amekaa na kadi zangu kwenye mwanga. Akauliza kwa nini nimefuta majibu manne. Nikasema nilikuwa na wasiwasi. Halafu akasema mbili nilizoziacha ni sahihi, na nne nilizozifuta, zile zinazosomeka chini ya mistari niliyopiga, zote ni sahihi.

Sita kati ya sita.

Akasema katika miaka ishirini na mbili ya duka hajaona. Nikasema ahsante. Nikakata. Nikakaa sakafuni na Jonte akaja kunivuta nywele, nikamwachia.

Jumatano, 12 Novemba

Bi Thiele tena! Bwana Ehlers hataki Ijumaa na Jumamosi, hizo ni siku zake za kuchonga vichwa. Kwa hiyo kuna asubuhi mbili, na asubuhi mbili zinatosha kwa barua ya kituo cha watoto, nimeshauliza. Bi Thiele anasema niende Ijumaa ijayo. Hedifoni tatu tu. Amesisitiza, kwa ile sauti ya mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu: niende peke yangu, nilale kwanza, na jibu la kwanza nisilifute.

Henning alifurahi hadi akaniinua. Akasema, unaona Wiebke, ni masikio tu!

Ni kweli. Ni mtu mwema. Lakini nimekaa nikafikiri, Jonte mgongoni, viazi motoni, na kosa limeonekana waziwazi. Hila ilikuwa nzuri. Ilikuwa hila bora kabisa. Kosa lilikuwa kumtegemea mtu wa miezi kumi na moja, ambaye anaweza kulala wakati wowote bila taarifa. Panahitajika mtu mzima. Mtu wa uhakika.

Bi Thiele amesema niende peke yangu, na nitaingia peke yangu. Mteja mwingine akiwa dukani wakati uleule, anaulizauliza vitu, hilo linanihusu nini? Mama yake Henning anakaa Uelzen, treni moja tu. Hajawahi kuvaa hedifoni maishani na ana maswali.

Nimempigia. Amekubali kabla sijamaliza kueleza. Hiyo ilikuwa dakika ishirini zilizopita. Simu iko mezani, karibu na viazi, nimeigeuza kifudifudi, na bado namsikia.