Gari Lipi Limbebe Bibi Harusi

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji kanunua sedani mpya. Nyeupe. Inaongea! Usipofunga mkanda inakugombeza kwa sauti ya kike. Mke wangu kasema angalau humo ndani kaka yake atajifunza kumsikiliza mwanamke. Jumamosi mdogo wao anaolewa, na wote wameshaamua sedani ndiyo itakayombeba. Wote isipokuwa mimi. Ninalo gari la mashindano aliloniachia marehemu mjomba: jekundu, halina paa, halina milango, boneti limefungwa kwa mkanda wa ngozi. Lilishinda kombe shemeji hajazaliwa. Nimemwomba mama mkwe apande yote mawili, kisha aamue. Amekubali. Shingo upande, lakini amekubali.

Jumatano, 6 Machi
Fundi kaligonga gari kwa bisibisi, kashusha pumzi. Ushauri wake: lioshe, liegeshe, watu walitazame. Wivu! Nimelitia oili mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi
Majaribio. Sedani kwanza. Mama mkwe alisinzia hata kabla ya kufika mlimani. Nikamwambia shemeji: unaona, gari halina ladha. Zamu yangu. Mlango hakuna, kwa hiyo tulimpandisha mama mkwe kama gunia. Likanguruma! Kuku wakakimbilia nyumba za watu. Kilemba kikaruka. Hakusinzia mtu. Mlimani likazima, likaanza kurudi kinyumenyume. Breki zilikumbuka kazi yake chini kabisa, ndani ya ua wa watu. Sedani ikatuvuta hadi nyumbani. Nikamwuliza mama mkwe kaonaje. Akasema, "Mwanangu, leo nimeiona ahera. Ina usukani." Sijaelewa kama hiyo ni kura.

Ijumaa, 8 Machi
Ilikuwa kura. Ya shemeji. Mbinu mpya: kuharibu tundu la ufunguo la sedani. Haina tundu! Nimepapasa milango yote minne. Ikapiga king'ora. Majirani wakatoka. Nikasema nilikuwa naifuta vumbi. Shemeji kaniletea kitambaa na ndoo. Nimeifuta yote.

Jumamosi, 9 Machi
Bibi harusi kapanda sedani. Mke wangu kanionea huruma, kanikabidhi keki niibebe kwenye gari langu. Nikawapita barabarani! Bibi harusi mwenyewe alinipungia mikono yote miwili. Baadaye kasema alikuwa ananiomba nipunguze mwendo. Keki ilifika. Si yote. Ghorofa ya juu iliruka, ikatua kwenye kioo cha sedani, nayo ikawasha waipa bila kuambiwa na mtu. Bibi harusi kalia. Shemeji kasifiwa kwa waipa. Mimi nimeulizwa nani alinialika.

Jumapili, 10 Machi
Mke wangu anaongea na sufuria tu. Nimekaa chini, nimejitafakari kwa kina. Kosa nimeliona: keki haikufungwa vizuri.

Jioni nimekutana na mpangaji wa nyumba ya pili. Mkewe atajifungua wakati wowote, naye anahangaika kutafuta teksi. Nimemwambia atulie. Gari lipo, na safari hii kamba ninayo.