Daraja Ambalo Mchwa Hawajaligusa

Hotuba ya Bwana Ngigi Mugo, Mwenyekiti wa Kamati ya Mpito wa Mbao Zenye Dawa, kwa wakazi wa Ng'ambo, nje kidogo ya Kitengela. Aliitoa akiwa amesimama ukingoni mwa mto wa msimu, na nyuma yake bango kubwa la kitambaa lenye picha ya daraja la mbao, lililovishwa kwenye miti miwili. Gari lake alikuwa ameliacha upande wa pili, upande wa zahanati na barabara ya lami, kwa kuwa mchanga wa mtoni haukuliruhusu kuvuka.

Mwakilishi wa Mheshimiwa Mbunge, ambaye angependa sana kuwa nasi, msaidizi wa mwakilishi huyo, ambaye amenieleza kwa simu kwamba naye angependa, Naibu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuteua Kamati, chifu, kama amefika, wachungaji, maaskofu na manabii wa makanisa yote yaliyo kati ya hapa na stesheni ya mafuta, wazee wa nyumba kumi, viongozi wa vijana, wakiwemo wale niliosoma nao ambao hadi leo ni viongozi wa vijana, kina mama wa vikundi, wenye ploti na wenye matumaini ya ploti, stakeholders wote, mabibi na mabwana, itifaki yote imezingatiwa, na ile ambayo haikuzingatiwa itaundiwa kamati. Bwana asifiwe. (Amina.) Tena asifiwe. (Amina, chache.) Sopa! (Ipa, wanaitikia salamu ya Kimaa.) Nimesema sopa! (Ipa, kutoka kwa Mama Kakenya peke yake, ambaye amegeuza kiti chake na kutazama mto unakotoka, upande wa Ngong, ambako mawingu yamekuwa meusi tangu asubuhi.)

Nimesimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kifani, na nikiwa na mchanga viatuni, kwa sababu nimevuka mto huu kwa miguu yangu mwenyewe kama mwananchi wa kawaida, jambo ambalo ningeomba wanahabari waliandike, kama wangekuwepo. Wengine wangetuma hotuba. Mimi nimekuja nayo, yote, na bado sijaifungua.

(Mama Munyiva ameinua mkono. Boma lake ndilo lililo karibu zaidi na mto. Kando yake ameketi mke wa mwanawe, Evalyne, ambaye mimba yake imefika mwisho. Mama Munyiva anauliza kama daraja litakuwa tayari kabla ya mvua, maana zahanati iko ule upande mwingine, mto ukishajaa hakuna anayevuka mpaka siku mbili zipite, na mtoto wa Evalyne hatangoja siku mbili.)

Asante sana, mama. Hilo ni swali zuri, na kwa uzuri wake nitalijibu ndani ya muktadha.

Muktadha ni huu. Wakati wazo la daraja hili lilipozaliwa kichwani mwangu, mbao zilizokuwa sokoni zilikuwa za dawa ya zamani. Mnaifahamu kazi yenyewe: mti unaingizwa kwenye tangi refu kama la lori la mafuta, mlango unafungwa, hewa inanyonywa, halafu dawa inasukumwa kwa presha mpaka inapenya ndani kabisa, tofauti na hapa kwetu ambapo mtu anapaka nguzo oili chafu ya gari halafu anamwachia Mungu amalizie. (Kicheko. Wengi waliopo wamepaka oili chafu, na Mungu hajamalizia.) Sasa, dawa ile ya zamani ndani yake ina arseniki, ambayo ni ya ukoo mmoja na sumu ya panya, na baadhi ya nchi za nje zikasema hapana, mbao za nyumbani, za viti vya bustanini na za bembea za watoto, zitiwe dawa nyingine, yenye shaba. Nikakosa usingizi. Nikajiuliza kama kiongozi: je, nitawakanyagisha watu wa Ng'ambo sumu ya panya? Nimeuliza, je, nitawakanyagisha? (Mzee Gichuru, kutoka kiti cha nyuma, anasema yeye yuko tayari kukanyaga chochote ambacho si maji.)

Asante, mzee wangu, lakini mimi nakupenda kuliko unavyojipenda. Ndiyo maana nikasimamisha mradi. Na kusimamisha mradi ambao bado haujaanza, wataalamu wanaosoma watawaambia, ni kazi ngumu zaidi kuliko kusimamisha ule ulioanza, kwa sababu hujui ushike wapi.

Tukaunda Kamati ya Mpito. Kamati ikaenda benchmarking, yaani kujifunza kwa waliotangulia, katika hoteli moja huko Naivasha, ambayo ina baraza la mbao za dawa mpya lililojengwa juu ya maji. Tulikaa juu ya hilo baraza asubuhi, tukakaa mchana, tukakaa jioni, tukilipima kwa uzito wetu wenyewe bila kulipwa nyongeza. Uzito wetu uliongezeka kila siku, na mbao hazikulalamika. Hiyo, ndugu zangu, inaitwa data. (Katibu wake, Caro, anapiga makofi. Watu wawili wanamfuata kwa heshima.)

Tukarudi na mwamko mpya, lakini tukakutana na changamoto ya msumari. Shaba haipatani na msumari wa kawaida. Ukipigilia msumari wa kawaida kwenye mbao ya dawa ya shaba, halafu mvua inyeshe, msumari unaliwa taratibu mpaka unabaki kichwa tu, kama baadhi ya watu ninaowajua. (Kicheko.) Unatakiwa msumari uliozamishwa kwenye zinki. Hili tuligundua baada ya kununua ile ya kawaida. Sikulala. Niliagiza misumari hiyo iwekwe karantini stoo, mbali kabisa na mbao, na kwa kuwa mbao hazikuwepo, karantini ilifaulu kwa asilimia mia moja.

(Mama Kakenya amesimama. Anawaambia walio karibu naye kwamba upepo umeleta harufu ya udongo uliolowa, na hapa hakujanyesha. Evalyne ameshika mgongo. Mama Munyiva ameinua mkono tena.)

Nakuona, mama, nakuja kwako, nipitie kwanza suala la unyevu. Mbao hizi zikitoka kwenye tangi zinakuwa zimelowa chapachapa. Ukizijengea hivyo, zinakauka mahali pake, zinasinyaa, zinaacha nyufa ambazo mbuzi anaweza kupoteza mguu. Kwa hivyo sera ya kamati ni kutonunua mbao wakati wa mvua. Wakati wa kiangazi nao, mbao inakauka haraka kupita kiasi, inapinda na kupasuka, kwa hivyo sera ya kamati ni kutonunua mbao wakati wa kiangazi. Hii inatuachia nafasi ndogo katikati, ambayo mwaka jana ilikuwa Jumapili moja. Na mimi ni Mkristo.

(Mzee Gichuru anauliza kile kitu cheupe kilicho juu ya daraja kwenye picha ni nini.)

Swali la kitaalamu. Hiyo nyeupe ni dawa. Ni kizazi kipya kabisa cha dawa, inapakwa kwa juu ili mwananchi aione kwa macho yake na kuwa na imani.

Twende kwa takwimu, maana kuna maadui wa maendeleo wanaosema hatujafanya kitu. Tangu mradi huu uanze, mchwa hawajala ubao hata mmoja. Rudieni nami: hata mmoja. (Sauti chache: hata mmoja.) Hakuna mtoto aliyeteleza juu yake. Hakuna punda aliyegoma katikati. Hakuna msumari ulioota kutu, hakuna ubao ulioibwa usiku ukaonekana asubuhi kwenye banda la kuku la mtu. Nitajieni daraja lingine katika Kajiado nzima lenye rekodi kama hiyo. Tulipolizindua Oltepesi, wananchi walishangilia. Tulipolizindua Entarara, walipiga nalo picha, familia kwa familia. (Mzee Gichuru anauliza daraja moja linazinduliwaje Oltepesi, Entarara na Ng'ambo, na sehemu hizo haziko kwenye mto mmoja.) Mzee, daraja si kitu cha kufungiwa kwenye mto. Daraja ni mtazamo.

(Evalyne ameinama na kushika kiti cha mbele. Wanawake wamemzunguka. Mama Kakenya anasema amesikia mto, na kwamba maji hayako mbali, labda kule kwenye kona ya machimbo ya mawe. Hakuna mwenye kitanda cha kubebea wala gari upande huu. Mama Munyiva anawapita wazee wa nyumba kumi, anampita Caro, anafika mbele.)

Mama, tafadhali, kuna utaratibu. Maswali ni mwisho wa programu. Mama, hilo bango haliguswi, linatakiwa kuonekana mpaka saa tisa.

"Mheshimiwa," Mama Munyiva anasema, na hapazi sauti, "mtoto hajui programu. Hii miti ni yangu, ya lango la mbuzi. Mlikuja kuazima jana jioni, mkasema ni ya kufunga utepe. Sasa naichukua."

(Anang'oa mti wa kwanza, ambao ulikuwa umeshikiliwa na mawe tu. Vijana wanang'oa wa pili. Bango halitoki, kwa kuwa lilishonwa kwa mikunjo kila upande na miti ikapitishwa humo, kwa hivyo wanalilaza chini hivyo hivyo, wanaviringisha kila mti mara kadhaa mpaka katikati pabaki upana wa kitanda. Evalyne analazwa juu ya picha ya daraja.)

Ndugu wananchi, msitawanyike. Naona mmehamasika. Hii ndiyo tunaita public participation, ushirikishwaji wa wananchi. Lakini naomba tukumbuke kwamba mimi ndiye ninayezindua, na nina kurasa kadhaa hapa kuhusu boliti na nati. (Vijana wanne wameinua miti. Wanateremka kwenye mchanga, Mama Munyiva akiwa mbele na Mama Kakenya akiwa nyuma, akiwahimiza kwa Kimaa. Kina mama wa vikundi wanafuata. Wachungaji wanafuata kina mama.) Caro, waambie warudi. Caro. (Caro ameshika pembe ya bango iliyokuwa ikiburuta, na ameshafika katikati ya mto.)

Sawa. Sawa kabisa. Iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba daraja limevusha mtu wake wa kwanza chini ya uongozi wangu. (Wanapanda ukingo wa pili. Maji yanatokea kwenye kona, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, ndoo na kiatu kimoja, na yanapita mahali ambapo vijana walikuwa wamekanyaga muda mfupi uliopita. Dereva wa mwenyekiti anarudisha gari nyuma, kisha anarudisha tena, kisha analigeuza na kufungua mlango wa nyuma. Mama Munyiva anamkatalia kwa mkono; zahanati ni pale pale. Mlango wa zahanati unafunguliwa, na daraja linaingia ndani, likitanguliza ule upande wenye dawa nyeupe.)

Nikielekea kumaliza, maana naona ukumbi umepungua. (Upande huu amebaki Mzee Gichuru, ambaye magoti yake hayakimbii. Mbuzi wa Mama Munyiva, baada ya kukuta lango halina miti, wamekuja mmoja mmoja na kujaza viti vya mbele. Mmoja anakula utepe wa uzinduzi.) Nikisema mbao, mnasema zidumu. Mbao! Mbao zenye dawa! (Mbuzi mmoja anajibu.) Asante. Shaba oyee! Mchwa chini! Chini zaidi! Ng'ambo mbele! Mbele daima, maji yakipungua!

Sasa niruhusuni nitoe shukrani, kwa sababu asiyeshukuru binadamu hata Mungu hawezi kumshukuru. Namshukuru Mama Munyiva kwa miti yake miwili ya lango, ambayo alinunua mwenyewe zamani zile za dawa ya zamani, na ambayo ndiyo mbao pekee zenye dawa ambazo mradi huu umewahi kushika kwa mikono. Namshukuru Caro kwa kututafutia ile picha kwenye simu. Daraja lenyewe sijui liko nchi gani, ila ni kwenye baridi, kwa sababu ile nyeupe, mzee wangu Gichuru, kwa vile tumebaki wawili, ni theluji. Nawashukuru wajumbe wa kamati, ambao hawakuchora ramani, hawakupima mto, hawakuagiza ubao, na kwa hivyo hawakukosea popote. Na kwa nyinyi mlio ule upande, kama mnanisikia, nawashukuru mapema kwa kuniletea lile bango mkishamteremsha mama, mlisuuze vizuri, maana hilo bango ndilo daraja, halina ndugu, halina nakala, na kesho asubuhi linazinduliwa Loitokitok, ambako tunatarajia mapokezi mazuri, kwani wao theluji wanaiona kila siku juu ya mlima na hawataiulizia.

Asanteni sana, na Mungu awabariki. (Maji yanavuma. Mwenyekiti anatazama gari lake, anatazama mto, anakunja kurasa zake za boliti na nati, kisha anageuka.)

Mzee Gichuru, kwa heshima zote, mimi sasa nitavukaje?

(Mzee Gichuru anamsukuma mbuzi mmoja, anavuta kiti chake mpaka mbele, anakaa vizuri na kuweka fimbo katikati ya magoti.)

"Hilo ni swali zuri, Mheshimiwa. Wewe soma tu hizo kurasa zilizobaki. Maji yatapungua kesho kutwa."