Dari ya Katani na Simu ya Kioko

Leo sina uso. Ule niliokuwa nao nimeuacha Masii, kwenye jukwaa la ukumbi wa shule. Atakayepita huko aniokotee.

Wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana watu wengine huongeza chumvi. (Hii haihitaji chumvi.)

Mnajua mimi ni msanifu majengo. Kule nyumbani neno hilo hawalitaki. Ukionekana na kofia ngumu na karatasi iliyokunjwa kwapani, wewe ni injinia, basi. Kwa hiyo Injinia Mutua, ndiye mimi, alipewa na wazazi wa wanafunzi kazi ya kukarabati ukumbi wa shule ya msingi aliyosoma mwenyewe. Katika ukumbi huo watu hufanyia mikutano, harusi, hata ibada za mazishi mvua ikinyesha. Na tangu nikiwa mtoto ulikuwa na ugonjwa mmoja: mtu akiongea mbele, sauti inagonga mabati, inagonga kuta, inamrudia mwenyewe. Waliokaa nyuma walikuwa wanapiga makofi kwa kuwatazama waliokaa mbele.

Nikauchora upya. Dari nikaitandika mikeka ya katani, iliyosukwa na akina mama wale wale wanaosuka vyondo, vile vikapu vya kubeba begani, ili imeze mwangwi. Juu ya jukwaa nikaning'iniza ubao mpana ulioinama, wa kuitupa sauti ya msemaji mpaka mlango wa nyuma. Nyuma ya jukwaa kuna stoo ya viti, na ukuta wake sikuufikisha juu. Niliacha uwazi hewa ipite. Nilijivunia sana ule uwazi, hata nikaupiga picha.

Wazazi hawakuamini, hasa Susu Ndunge. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na huyu ni nyanya wa karibu nusu ya shule. Hukaa kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, na hahami, kwa sababu anataka kuona nani anachelewa na nani anatoroka. Katika mkutano uliopita alisimama akasema, "Injinia, mimi nasuka kiondo tangu nikiwa msichana. Sijaona siku moja kiondo ikisaidia mtu kusikia."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Nzioka, akakata shauri pale pale: ukumbi ukiisha, tutafanya mkutano bila maikrofoni, Susu akae mahali pake. Akisikia, Mutua anapewa na yale madarasa ya zamani ayakarabati. Asiposikia, tunatafuta mtu mwingine.

Mkutano wenyewe ulikuwa leo. Na hayo madarasa nayataka kwa moyo wote. Nilijifunzia kusoma mle ndani huku nikihamisha dawati kukwepa matone.

Asubuhi nilimwomba mama tuandamane. Akakataa. Alisema magoti yanamsumbua na kunde zake hazitajichuma. Nikaenda peke yangu, shati jeupe, viatu vinang'aa.

Mambo yakaanza vizuri. Katekista akaomba. Mzee Nzioka akafungua mkutano kwa hotuba, akaifunga, akaifungua tena. Mimi nikawa namtazama Susu kule nyuma. Uso wake haukusema kitu. Kisha kwaya ya akina mama ikasimama kuimba, na simu yangu ikatikisika mfukoni.

Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Kioko, rafiki yangu tunayefanya kazi ofisi moja Machakos mjini. Kuna mtu wa Kinanie anataka kuchorewa ghala la ngozi, kubwa sana, na amekuja ofisini bila taarifa. Ananitaka mimi. Akinikosa leo anaenda kwingine.

Nikatazama safu ya wasemaji waliokuwa wakisubiri zamu. Chifu alikuwepo. Mwenyekiti aliyestaafu alikuwepo, na makamu wake aliyestaafu pia. Tamaa ikanishika. Nikamnong'oneza Mzee Nzioka kwamba naenda kukagua stoo kidogo, nikaingia, nikafunga mlango, nikampigia Kioko.

Muda si mrefu kukawa kimya kabisa. Nikajipongeza. Nikasema, tazama, ukuta wangu umezuia kwaya nzima. (Kwaya ilikuwa imemaliza. Mchungaji aliyealikwa kuubariki ukumbi alikuwa amewaambia watu wainamishe vichwa, kila mmoja aombe kimyakimya moyoni. Mimi ningejuaje?)

"Kioko, niokoe," nikasema kwa sauti ya chini. "Huyo wa Kinanie mpe chai, mpe gazeti, asiondoke. Huku hotuba za Mzee Nzioka hazina mwisho."

"Utatokaje?" akauliza.

"Ngoja kidogo, halafu unipigie. Nitapokea mbele ya watu nikishtuka. Sema mama amezidiwa, anakimbizwa hospitali. Nani atamzuia mtu akisikia mama amezidiwa?"

"Nilie?"

"Lia kiasi."

Nikajipangusa vumbi, nikajitengenezea uso wa mtu asiye na neno, nikarudi jukwaani.

Hakuna aliyekuwa ameinamisha kichwa. Macho yote yalikuwa kwangu, yamefunguka vizuri. Mchungaji alikuwa ameshika Biblia kifuani, midomo imebanwa, mabega yanatikisika. Nikafikiri nimesahau kufunga zipu. Nikaangalia. Ilikuwa imefungwa, na sasa watu wote walikuwa wameniona nikiangalia.

Ndipo nikaona kiti cha mbele. Palikuwa na mwanamke mmoja na kitambaa chake cha kanisani, mkoba juu ya magoti, mtulivu kabisa. Alikuwa ameingia wakati kwaya inaimba. Kumbe kunde zimejichuma.

"Mwaitu," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama. "Umekuja?"

"Nimekuja, mwanangu. Lakini nasikia nimezidiwa."

Jamani. Hapo ndipo nilipoinua macho nikauona ule uwazi juu ya ukuta wa stoo. Nikaona na ubao wangu ulioinama, uko pale pale nilipouweka, unafanya kazi niliyoupa. Kila neno lilikuwa limepanda, likagonga ubao, likaenda moja kwa moja mpaka mlangoni.

Na kabla sijafungua mdomo kuomba radhi, simu ikalia.

Mzee Nzioka akanitazama kwa upole, akasema, "Pokea, Injinia. Inaweza kuwa ni habari ya mama."

Nilipokea kwa haraka, na kidole kikagusa mahali pabaya, sauti ya Kioko ikatoka kwa spika. Rafiki yangu hakulia kiasi. Alilia kama mtu aliyelipwa kulia matangani. "Mutua ndugu yangu, jikaze! Jikaze kiume! Mama..."

Mama akainuka, akapanda jukwaani bila kukumbuka magoti, akaichukua simu mkononi mwangu. "Kioko, habari yako? Ni mimi. Nimepata nafuu. Salimia huyo mtu wa Kinanie."

Walicheka mpaka chifu akavua kofia. Katekista alitoka nje. Nilijua madarasa yamekwenda, na nilistahili.

Kisha kule nyuma Susu Ndunge akasimama, akigonga fimbo sakafuni.

"Mwenyekiti, mimi niko na neno. Miaka yote hii nimekaa hapa, sijasikia mkutano hata moja. Leo nimesikia Kinanie. Nimesikia chai na gazeti. Nimesikia mama yake akizidiwa. Nimesikia pia vile amesema juu ya hotuba zako, na hapo hajadanganya." Akanyamaza watu wacheke. "Kijana ni muongo, hiyo tumeona. Lakini dari iko sawa. Apewe madarasa, hata mtoto wa nyuma asikie mwalimu. Kazi ikianza, aje kukaguliwa na mama yake."

Mikono ikainuliwa, hata ya Mzee Nzioka, ingawa yake ilichelewa kidogo. Mtu wa Kinanie aliondoka, na sijamwaza tena. Nilikaa chini nikasikiliza hotuba zote, ya chifu, ya mstaafu, ya makamu wa mstaafu, na nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Nilisikia kila neno.

Tatizo liko nyumbani. Watu walimfuata mama mpaka mlangoni kumpa pole ya ugonjwa, wengine na sukari, mmoja na kuku. Naye akapokea. Tangu hapo amelala kitandani, mto mgongoni, na mimi nimepika chai, nimechuma kunde, nimeosha vyombo. Tafadhali msinicheke. Nimemuuliza kwa heshima atapona lini.

Amesema nimuulize Kioko.