Sebule ya Ng'ombe wa Mtani

Mzenga, Jumatatu, 3 Agosti 1953

Leo nimekuwa mfugaji! Ng'ombe mmoja na ndama wake, lakini kundi huanzia popote. Ni urithi wa Mzee Maganga, Mnyamwezi, mtani wa marehemu baba. Alikuja huku zamani kukata mkonge, akasahau kurudi kwao. Jioni zote za utoto wangu alikamua ng'ombe wake nyuma ya nyumba yetu, baba kakaa kwenye kibaraza chake cha mawe, wanatukanana mpaka giza linaingia. Siku tuliyomzika baba, Maganga alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Tulicheka huku tunalia. Sasa na yeye hayupo. Neno lake la mwisho kwangu: ng'ombe akae kwetu, asikanyage bucha ya mtu.

Jioni nimekamua. Patupu! Ndama ananyonya mpaka povu linamtoka mdomoni. Nikishika mimi, kavu. Mke wangu Biubwa kasema pengine ng'ombe ananionea haya. Si haya. Ni mahali. Nyuma ya nyumba ni pa kizamani mno.

Jumanne, 4 Agosti

Nimedandia lori la mkaa hadi Kibaha, kwenye shamba la mkonge nilikofagia banda la ng'ombe ujanani. Harufu ileile! Nilisimama mlangoni nikajiona kijana tena, fagio mkononi, sina mke wala mvi. Sakafu ya saruji, hori za mbao, kila ng'ombe na chumba chake. Msimamizi Alfonce kaniambia Wazungu banda lile huliita sebule. Sebule ya kukamulia! Basi hilo ndilo alilokosa ng'ombe wangu.

Nimerudi na vumbi la mkaa masikioni, nikamweleza Biubwa. Akauliza: sisi wenyewe sebule hatuna, mgeni akija anakalia kinu, leo ng'ombe ndiye ajengewe? Nikamwambia maendeleo lazima yaanze na mtu fulani. Akasema huyo si mtu.

Jumatano, 5 Agosti

Kuchagua mahali. Chini ya mkorosho: siafu. Wameniingia hadi kwenye msuli, nimecheza ngoma peke yangu mchana kweupe. Karibu na banda la kuku: kuku wanapenda kulala juu ya ng'ombe. Nimechagua kando ya barabara, wapita njia waone. Fito nilikuwa nazo, makuti nimeazima juu ya choo. Mlango wa sebule nimeung'oa jikoni kwa Biubwa. Hajagundua.

Kapita Kitwana, mchinjaji. Hakusalimia. Kamtazama ng'ombe paja, kameza mate, kauliza huyu asiyetoa maziwa tunamfuga kwa ajili ya sura? Watu wa dukani, ng'ambo ya barabara, wakacheka. Damu ikanipanda. Nikatangaza mbele ya wote: Ijumaa baada ya sala, Kitwana atakunywa maziwa kwenye sebule yangu. Asipoyaona, amchukue ng'ombe na kamba yake.

Biubwa kalipata neno hilo kabla sijafika nyumbani. Jioni kanipakulia ugali mkavu, bila mboga. Dalili mbaya.

Alhamisi, 6 Agosti

Ng'ombe kahamia sebuleni. Kapiga teke ndoo, kapiga teke mlango, kanipiga mimi. Nimemwimbia. Nimembembeleza. Nikapata akili: nimevaa kofia kuukuu ya Maganga, ile yenye tundu, nikakaa chini kama yeye. Ng'ombe kageuka, kainusa, kaanza kuilamba taratibu. Moyo ulinijaa! Nikashika kiwele. Hakuna tone. Kanikanyaga kidole gumba.

Sikuweza kula. Nilimwahidi mzee hatakanyaga bucha, nami nimempeleka kwa mdomo wangu mwenyewe. Nina huzuni kweli leo. Nawakumbuka wazee wale wawili na kelele zao. Nyumba imekuwa kimya sana tangu waondoke.

Ijumaa, 7 Agosti

Watu wametoka msikitini, Kitwana mbele, kamba begani. Ng'ombe kumwona tu, kavunja sebule kwa pembe, kakimbilia nyuma ya nyumba, kasimama pembeni ya kibaraza cha baba. Nikamfuata. Nikakaa kibarazani. Nimekwisha.

Hapo ndipo Biubwa alipotoka na sufuria tupu. Kuku walikuwa wameingia jikoni kusikokuwa na mlango, wamemaliza ugali wa mchana. Kaniona nimekaa. Kafungua kinywa. Na matusi aliyoyashika ni yaleyale ya Maganga, aliyoyasikia tangu alipokuwa bibi harusi humu ndani: "Mzaramo mvivu wee! Unacheza ngoma mpaka mihogo inakuozea shambani!" Yeye mwenyewe Mzaramo!

Ng'ombe kageuza sikio. Kashusha pumzi ndefu. Maziwa yakaanza kudondoka mchangani!

Nikapiga kelele: endelea, mke wangu, endelea! Kadhani namdhihaki, kaendelea kwa dhati. Nikamwonyesha kiwele. Kachuchumaa na sufuria, anakamua huku ananitukana, mimi nimekaa alipokaa baba. Na jibu la baba likanitoka lenyewe: "Nenda zako, mpagazi! Mzigo wako umeusahau Bagamoyo!" Sauti ilikuwa ya baba kabisa. Biubwa akanitazama. Nikalia mbele ya watu, sioni aibu kuandika.

Kitwana kanywa bakuli zima, kafuta mdomo kwa kamba yake, kaondoka. Ng'ombe ni wetu.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimetafakari usiku kucha, nimeelewa kila kitu. Ng'ombe alizoea usafi wa sebule yangu, ndiyo maana jana akafunguka. Kosa lilikuwa moja tu: ilikuwa ndogo! Nitajenga ya ng'ombe sita. Msingi wa mawe safari hii, asivunje tena. Mawe mazuri hapa Mzenga hakuna, isipokuwa yale ya kibaraza cha baba, ambacho siku hizi hakina kazi.

Asubuhi nimemrudisha ng'ombe barabarani, nikamfunga kwenye nguzo iliyobaki, nikaja na jembe kung'oa jiwe la kwanza. Biubwa kasikia mlio, katoka. Aliyoyasema hayaandikiki. Alianza na Wazaramo wote, akashuka kwenye ukoo wangu, akamalizia na mimi, na sauti ilifika dukani. Nikatupa jembe, nikakimbia mpaka barabarani, yeye nyuma yangu na mwiko.

Ng'ombe kasimama palepale kwenye nguzo, katega masikio. Maziwa yanadondoka yenyewe, hakuna aliyemgusa.

Nikamwambia Biubwa aone mwenyewe. Sebule inafanya kazi!