Malalamiko Dhidi ya Binti Anayesoma Habari Zikaeleweka

Kwa Mhariri wa Habari,
Redio ya Jamii.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote mnaoshinda mbele ya vipaza sauti. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na soko, na wateja huniita Profesa. Jina hilo sikujipa. Nililipata kwa kuwafafanulia watu taarifa zenu za habari, kazi niliyoifanya miaka mingi bila kuwadai hata ahsante. Leo naandika kwa masikitiko, na kwa heshima zote, kumlalamikia binti mliyempa kipindi cha "Habari Bila Kona". Kosa lake ni moja: anaeleweka. Madhara yake ni haya.

1. Zamani mlikuwa mkitangaza: "Mamlaka husika imebainisha kuwepo kwa upungufu wa huduma ya maji kutokana na ukarabati wa miundombinu." Hiyo ndiyo habari. Mtu akiisikia anajua kuna jambo, ila hajui ni jambo gani, kwa hiyo anakuja kwangu, anakaa kitini, na maadamu amekaa, ananyolewa. Binti yenu akasema: "Kesho maji hayatoki mpaka jioni. Jaza ndoo leo." Mtaa mzima ukabaki nyumbani kujaza ndoo. Mimi nilishinda nakunja taulo zilizokwisha kukunjwa.

2. Habari moja anaisema kwa midomo mitatu. Asubuhi, kwa wazee, ametulia na ana methali. Mchana, kwa akina mama walio jikoni, anaongea kama jirani aliyekuja kuazima mwiko. Jioni, kwa vijana, anachapa maneno ya kijiweni. Habari ya kuhamishwa kwa soko niliisikiliza mara zote tatu nikitaraji kumnasa. Sikumnasa. Ilikuwa ileile: soko linahama, asiyejiandikisha atakosa kibanda. Mwalimu mstaafu na muuza nyama, ambao kwangu hawajawahi kukubaliana hata juu ya mvua inayonyesha, walikuja wakiwa wameelewa kitu kimoja. Walinyolewa kimya kimya, wakaondoka kwenda kujiandikisha. Kinyozi hawezi kuishi kwa watu waliokubaliana. (Nami nilijiandikisha, lakini hilo ni suala jingine.)

3. Kama hayo hayakutosha, ameanza kuwafundisha watu jinsi matangazo ya biashara yanavyowavuta. Alisema tangazo likidai "wataalamu wanapendekeza", uliza ni wataalamu gani. Ndugu Mhariri, juu ya mlango wangu pameandikwa WATAALAMU WANAPENDEKEZA, kwa rangi nyekundu. Kesho yake muuza nyama, akiwa na povu shingoni, akaniuliza, "Profesa, wataalamu gani hao?" Nikamjibu kwamba wako nje ya nchi. "Sasa huwa wananyolewa wapi?" Hapo wembe ukateleza, nikashughulika kuzuia damu ya sikio lake. Kuhusu mafuta yangu ya kuotesha nywele sitasema mengi. Aliwaambia wasikilizaji wamtazame kwanza anayeyauza. Mimi nina upara.

4. Paa la nyumba yangu linavuja juu ya kitanda. Kwa muda mrefu nilimjulisha mke wangu kwamba paa litakarabatiwa, na kwamba suala hilo linashughulikiwa. Aliridhika, ni mwanamke muungwana. Basi binti yenu akatoa somo: ukisikia "itafanywa", "imeagizwa", "inashughulikiwa", uliza "na nani?", maana hapo ndipo mtu hujificha. Mke wangu alizima redio, akanigeukia, akasema kwa upole, "Baba watoto, paa litakarabatiwa na nani?" Ndoa yetu si ya jana, na sijawahi kuulizwa swali zito kama hilo. Nilipanda juu siku hiyohiyo, majirani wakinitazama.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mama mkwe wangu anaishi nasi. Ana presha, na miguu ilimvimba hata viatu vikakataa kuingia. Kule zahanati walimwambia apunguze matumizi ya chumvi. Aliponiuliza maana yake, nilimfafanulia kama ninavyowafafanulia wateja: matumizi ni fedha inayotoka, kwa hiyo anatakiwa apunguze gharama. Nikanunua gunia zima la chumvi kwa bei ya jumla, na kwa kuwa ilikuwa nyingi, tuliila bila hofu. Asubuhi moja binti yenu akasema, taratibu, kama anayemwambia mama yake mzazi: "Mama yangu, chumvi ni ile unayoibana kwa vidole viwili, basi. Ukizidisha, miguu inavimba na moyo unachoka." Mama mkwe alilitazama gunia. Akanitazama mimi. Nikajua hukumu imeshatoka. Alibeba kiti chake akakihamishia karibu na redio. Mimi bado nasimamia kwamba, kwa mujibu wa kamusi, nilikuwa sahihi.

Kwa hiyo naomba mrudishe lugha ya zamani, yenye "sanjari na", "kufuatia" na "hali halisi iliyopo". Kama haiwezekani, binti huyo asome habari za nchi za mbali tu, ambako hatuna ndoo. Na kama hilo nalo ni gumu, mniletee mimi habari kabla hazijaenda hewani, nizikaze kidogo, ndipo zisomwe.

Nisalimieni mafundi mitambo, mlinzi wa getini, mama anayewapikia chai, na hata binti mwenyewe. Sina chuki naye, nina njaa tu. Mkipita huku mtanyolewa bila foleni. Nafasi ipo.

Wenu katika ufafanuzi,
Profesa, kinyozi wa mkabala na soko.

Nyongeza: Wakati nafunga bahasha, mama mkwe ameingia kibandani kwa miguu yake mwenyewe, na viatu vimefungwa. Sikumbuki mara ya mwisho alipotoka nje ya ua. Amekaa kwenye kiti cha mteja, akaniomba nimsomee nilichoandika. Nimemsomea chote. Amefikiri, kisha akasema, "Mwanangu, hoja unayo. Ila ukisema hivi hakuna atakayekuelewa. Mpe yule binti akusomee." Nimeona ni kweli. Tafadhali aisome yeye, asubuhi, wazee wanaposikiliza, na pale kwenye chumvi asiharakishe, kwa sababu mama mkwe si yeye peke yake niliyemfafanulia hivyo.