Kibao cha Kupasha Miguu ya Injinia

Jumatatu, 5 Juni 1989
Kolwezi baridi kali. Citoyen Mwenze, injinia mkuu wetu, miguu inamganda ofisini. Leo ametangaza mbele ya karakana nzima: atakayemletea kibao cha umeme cha kupasha miguu, chenye joto ila kisichounguza, Ijumaa anakuwa shefu, mkuu wa karakana. Kiti changu hicho! Miaka kumi na moja mi nasuka nyaya za mota. Badibanga, fundi mwenzangu, naye anakitaka. Masikini! Hajui kwamba injinia mmoja mgeni, akirudi kwao, aliniachia sanduku: nyuzi nyeusi za kaboni, na unga wa plastiki inayopitisha umeme. Ndiyo, plastiki!

Jumanne, 6 Juni
Kazi yote ni kipimo. Nyuzi na unga nazikoroga ndani ya gundi inayoganda kuwa kibao. Zikipungua, umeme haupiti. Zikizidi, unapita mbio. Nyuzi sikugusa, nikacheza na unga tu. Kijiko kimoja: baridi. Viwili: baridi. Vitatu: pwaa! Fyuzi imekatika, karakana yote imesimama. Badibanga akauliza kama nimemaliza. Nikamjibu kwamba sayansi ina hatua zake.

Jumatano, 7 Juni
Viwili na nusu! Kipande changu cha majaribio kina vuguvugu la mutoto mchanga. Nimemwambia mke wangu Ndaya apige pasi abacost, suti yangu ya sherehe. Amesema bado sijawa shefu. Wivu hata nyumbani!

Alhamisi, 8 Juni
Leo kibao chenyewe, nyumbani, Badibanga asinichungulie. Nimekoroga kwa mwiko, kwa nguvu zote, jasho tiririka. Sisi watu wa Kasai hatuachi madonge kwenye bukari, ugali wetu, sembuse kwenye gundi. Kipimo kilekile. Nikaunganisha umeme. Baridi! Ndaya akachovya kidole kwenye mabaki ya sufuria, akayatazama.

"Tata, hii haiko bukari. Umevunja-vunja nyuzi yote. Umeme utapita wapi?"

Nikamwambia aangalie mboga yake ya sombe jikoni. Kosa ni la fyuzi tu, nikatoka kwenda kuazima nyingine. Kurudi, namkuta amekoroga sufuria nyingine, polepole, kwa ncha ya kijiko, nyuzi nzima-nzima. Nikamgombeza kwa kuingilia sayansi. Kisha nikamimina kibao, nikapima. Vuguvugu safi! Kumbe kuishi na mimi kumemfundisha mengi.

Ijumaa, 9 Juni
MI NI SHEFU! Badibanga alileta tofali lililopashwa juu ya mbabula, jiko la makaa, likaunguza soksi ya injinia. Juu ya kibao changu injinia alifumba macho, karibu asinzie. Akaniuliza siri yangu.

"Mkono, citoyen. Mkono wenye nguvu."

Wakapiga makofi. Machozi yalinitoka, sifichi. Ameagiza vibao ishirini, Jumatatu viwe tayari. La sivyo, amesema, cheo kinakwenda kwa Badibanga. Nimecheka.

Jumamosi, 10 Juni
Ndaya ameuliza kama akoroge yeye. Nimemwambia apumzike, mke wa shefu hachafui mikono. Vibao vyote ishirini kwa mkupuo mmoja! Nyuzi zote zilizobaki nimezimwaga ndani ya pipa la gundi. Mwiko ni mfupi mno kwa pipa, basi nimeazima kwa jirani mchi wa kutwangia. Mzito, mzuri sana. Naanza kutwanga.